Vibua Wasio na Mikia

Mwanahawa alinipigia simu nikiwa nimesimama dukani mbele ya friji la vitu vilivyopunguzwa bei. Ni duka kubwa la kisasa, hapa mtaani kwetu Dar es Salaam, na kila Jumatano jioni hubandika karatasi nyekundu kwenye vitu vinavyokaribia kuisha muda: mtindi, mikate, soseji, nyama ya kusaga. Mimi ni mteja wa karatasi nyekundu. Wasichana wa pale wananiita Mama Punguzo, na wenzangu wa jumuiya hunitania kwamba nikifa nitazikwa kwenye jeneza lililokaa sana stoo. Ninawaacha wacheke. Siku ile nilikuwa na pakiti mbili za mtindi mkononi simu ilipoita, na sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa miaka mingi ikasema, "Mwalimu, ni Mwanahawa, wa Bi Salima wa Kibiti. Mama katutoka alfajiri. Tunamzika leo leo, Mbuchi. Nimeona nikwambie." Hakusema njoo. Alisema ameona aniambie, akakata. Nilirudisha mtindi kwenye friji, na kitu cha kwanza kunipanda, kabla ya huzuni, kilikuwa hasira. Hasira hiyo ninayo tangu nikiwa na miaka ishirini na mitatu. Nimemkasirikia mtu mmoja aliyekwisha kufa, nimeikasirikia ofisi moja, na nimejikasirikia mimi kuliko wote hao.

Mwaka ule nilikuwa mwalimu wa muda wa hesabu katika shule ya bweni ya wasichana, pale Kibiti. Mshahara wa kwanza ulichelewa, wa pili ukaenda kuulizia wa kwanza uko wapi. Nilipanga chumba kwa Bi Salima, nyuma ya soko. Kilikuwa chumba chembamba, kitanda cha kamba, dirisha la wavu wa mbu uliochanika, na ukuta mmoja uliopakwa chokaa huku mitatu ikibaki udongo, kwa sababu chokaa iliisha na aliyekuwa anapaka akaoa akahama. Harufu ya samaki na moshi wa makumbi ya nazi iliingia asubuhi ikatoka usiku. Juu ya ukuta, kati ya chumba changu na chao, kulikuwa na nafasi ya kupitisha mkono, kwa hiyo nilisikia kila kitu. Wiki ya tatu nikawasikia wananijadili. "Huyu mtoto wa watu anakula nini?" aliuliza Bi Salima. "Uji," akajibu binti yake Mwanahawa, ambaye alikuwa rika langu. "Uji asubuhi. Jioni je?" "Jioni uji." Wakaangua kicheko, na mimi kitandani nikaona aibu mpaka masikio yakawaka. Kesho yake Bi Salima alinigongea mlango. "Shikamoo mama." "Marahaba. Mwalimu, hebu niambie, dini yako wewe inafunga miezi mingapi?" Nikacheka kwa lazima. Akasema, "Leo ukitoka shule usije nyumbani. Njoo mezani kwangu, alasiri. Asubuhi sokoni ni pa wenye pesa. Alasiri ni pa wenye akili."

Hivyo ndivyo nilivyofundishwa kununua. Bi Salima alikuwa Mndengereko, mzaliwa wa Kiongoroni kule mto unapoingia baharini, na meza yake ya samaki ilikuwa ya tatu ukiingia sokoni kutoka barabarani, mahali pazuri ambapo alipapigania miaka. Samaki walipanda kutoka bandarini Nyamisati asubuhi, juu ya barafu iliyofungwa kwa maranda, na kadiri jua lilivyosogea barafu iliyeyuka na bei ikashuka nayo. Alinifundisha kutouliza bei kabla ya adhana ya alasiri, kwa sababu anayeuliza mapema anamkumbusha muuzaji bei ya asubuhi. Alinifundisha kufunua shavu la samaki kuona wekundu wa matamvua, kubonyeza tumbo na kusubiri kama litarudi. Nyanya zilizokwama kwenye foleni ya kivuko kule Ndundu zilirudishwa Kibiti zimeanza kutoa maji, zikauzwa kwa ndoo kwa bei ya fungu. Tulikata upande mbovu na kuzipika siku hiyo hiyo zikawa rojo. Ndizi zilizoiva mpaka zikawa nyeusi tulizipika kwa nazi. Mkate wa jana tuliuchovya kwenye tui tukauchoma. Kwa pesa ya uji wangu nilianza kula wali wa chenga na vibua wa nazi, nimekaa kwenye mkeka na watu wawili wanaonitania, na nikanenepa. Wenzangu shuleni walidhani nimepata bwana.

Jambo moja lilinitatiza mwanzoni. Vibua wa bei ya jioni, kwenye meza ya Bi Salima, hawakuwa na mikia. Saa ile anaposhusha bei alichukua kisu akakata mikia yote, tap, tap, tap, akawatupia paka. Nikadhani ni ujanja wa kupunja. Siku moja nikamwuliza, naye akaniangalia kwa mshangao wa kweli. "Kupunja? Mkia una nyama gani? Hiyo ni alama, Mwalimu. Samaki asiye na mkia ni wa kuliwa leo, jiko la leo. Nikimwachia mkia, mjanja atamnunua kwangu kwa nusu, atamlaza, kesho asubuhi atamuuza kwa bei ya samaki mpya, na mtu akiumwa watasema samaki wa Salima. Na kibua asikudanganye, akishachoka hata ukimkaanga akawa mkavu kama ukuni, humwondolei ubaya wake." Kila mtu pale sokoni aliijua alama hiyo. Wauzaji waliijua, wanunuzi waliijua, hata mwenyekiti wa soko aliijua, kwa sababu mke wake alinunua pale. Ni sisi wa kutoka bara tu ambao hatukuijua, na mimi sasa nilikuwa nimeambiwa.

Mkuu wa shule alikuwa mtu wa bara kama mimi. Simtaji jina, watoto wake wapo na hawana kosa. Aliniita ofisini akacheka kwa upole, akasema, "Mwalimu, mshahara hujapata na unanawiri. Siri yako nini?" Nikamwambia, kwa majivuno ya mtoto. Wasichana sitini wa bweni walikuwa wakila ugali na maharage yaliyotobolewa na wadudu, siku saba kwa wiki. Akanifanya mwalimu wa chakula. Kila Alhamisi alasiri nilikwenda kwa Bi Salima na mpishi na ndoo mbili, na Bi Salima akakata mikia sitini huku akiimba, na jioni hiyo hiyo wasichana wakala samaki. Siku ya kwanza walipiga makofi jikoni. Ninakiri lilikuwa jambo zuri, na nilijiona mtu mkubwa. Kwa bei ile ilibaki pesa nyingi ya chakula, nikategemea wataongezewa matunda au angalau sukari kwenye uji. Hawakuongezewa kitu. Mkuu alikuwa anajenga, na nyumba yake ikapata bati muhula ule. Mimi mwalimu wa hesabu, niliyewachapa watoto kwa kushindwa kutoa kumi na saba kwenye arobaini, sikuuliza. Alikuwa ameniambia kwamba barua ya ajira yangu ya kudumu iko kwenye droo yake, inasubiri sahihi, na alikuwa na tabia ya kuigonga ile droo kwa vidole tulipokuwa tunaongea.

Alhamisi moja nilirudi na ndoo zangu nikamkuta amesimama mlangoni mwa jiko. "Hao samaki wasiliwe leo," akasema. "Kesho wanakuja wageni, wajumbe wa bodi. Nataka wawakute watoto wanakula samaki." Nikamwambia hawawezi kulala, ni samaki wa leo, hawana mikia. "Hawana nini?" Nikamweleza alama. Akacheka mpaka akashika ukingo wa mlango. "Mwalimu, umesoma mpaka chuo unaniletea mambo ya mikia? Paka chumvi, kamulia ndimu, asubuhi kaanga. Samaki wa kukaanga haozi." Mpishi alinitazama akisubiri nitasema nini. Ningeweza kusema basi nitarudi sokoni kesho kununua wengine, kwa bei ya asubuhi. Ningeweza kuwapika jioni ile na kukubali kelele zake. Nilikamua ndimu. Niliwapanga vibua kwenye mabeseni katika stoo ya bati isiyo na dirisha, kwenye joto lile la Kibiti ambalo hata mshumaa unainama, na nikafunga mlango.

Wageni walipofika kesho yake walipitishwa bwaloni, wakawaona wasichana sitini kila mmoja na kibua wake wa kukaanga, wakafurahi, mmoja akapiga picha. Kisha wakapelekwa ofisini kula kuku. Hilo silisahau: wao walikula kuku. Hata saa moja haikupita, msichana wa kidato cha kwanza akaja kwangu akishika midomo yake, akasema, "Mwalimu, ulimi unachoma kama pilipili." Uso wake ulikuwa mwekundu kama aliyepigwa na jua, shingo imevimba mabaka. Nyuma yake wakaja wengine, wanatapika, wanashika vichwa, mmoja akihema vibaya kiasi kwamba niliketi naye sakafuni nikimshika mgongo na kumwomba Mungu kwa kilugha changu. Tukawapeleka zahanati kwenye gari lililowaleta wageni. Hakufa mtu. Kufikia kesho yake walikuwa wameketi wanakunywa maji ya madafu. Miaka mingi baadaye daktari mmoja alinieleza kwamba samaki wa aina ile wakikaa kwenye joto hutengeneza sumu ambayo moto hauiondoi, na nikamsikiliza kama mtu asiyejua, wakati nilikwisha kuambiwa hayo hayo na mwanamke mwenye kisu, bure, bila cheti.

Jumatatu tuliitwa ofisi ya soko, mimi na Mkuu; mpishi hakuitwa. Mkuu alikuwa amekwisha kusema yake: shule imeuziwa samaki waliooza. Asubuhi hiyo, njiani, aliniambia kwa sauti ya baba, "Sisi hapa wageni, Mwalimu. Tusipolindana, nani atatulinda? Wewe jibu tu unachoulizwa." Ndicho nilichofanya. Mwenyekiti wa soko akaniuliza samaki nilinunua kwa nani. Nikasema kwa Bi Salima. Kwa bei gani? Nusu ya bei ya asubuhi. Kwa nini nusu? Kwa sababu ilikuwa jioni. Kila jibu lilikuwa la kweli, na kila jibu lilimchimbia. Bi Salima alikuwa ameketi kwenye benchi na Mwanahawa, amevaa kanga zake za kutokea, ametulia kabisa. Alikuwa ametulia kwa sababu nipo. Mtu aliyekula kwenye mkeka wake nusu mwaka alikuwa pale, tena msomi, basi aogope nini. Akaomba aniulize swali moja. "Mwalimu, waambie. Samaki niliokuuzia Alhamisi walikuwa na mikia?"

Kulikuwa na watu kama kumi mle ndani na wote walielewa. Kama ningesema hawakuwa nayo, mambo yangeisha pale pale. Wangejua walitakiwa kuliwa Alhamisi, na wangeniuliza kwa nini waliliwa Ijumaa. Mwenyekiti aliinua kichwa. Mkuu hakuinua chake, hakuelewa hata uzito wa swali, alikuwa anafuta miwani. Nikasema, "Sikuangalia."

Nimeandika neno hilo nikakaa kalamu mkononi muda mrefu. Miezi sita nikimtazama akikata mikia, nikahesabu na mimi, tap, tap, tap, nikasema sikuangalia. Bi Salima hakupiga kelele. Alisema tu, "Haya," akavaa ndara zake. Waliamua aondoke mezani kwake, na meza ikapewa mtu mwingine kabla ya wiki kwisha. Barua yangu ya ajira ilitiwa sahihi siku hiyo hiyo. Niliendelea kuishi nyumbani kwake mpaka kodi niliyokuwa nimelipa ilipoisha, miezi miwili, kwa sababu sikuwa na pa kwenda na kwa sababu nilikuwa mwoga hata wa kuhama. Kila asubuhi nilimpa shikamoo na kila asubuhi hakuitikia. Alikuwa anapita na ndoo yake kama vile ameisikia redio ya jirani. Mwanahawa aliziba ile nafasi ya juu ya ukuta kwa magunia, nisisikie wanachosema. Mimi nilirudi kwenye uji. Siku niliyohama Bi Salima alikuwa anafunga virago vyake pia, anarudi kwa ndugu zake Mbuchi, akaanze upya na umri ule kulima mpunga wa watu. Nikasimama mlangoni nikasema, "Mama, nisamehe." Akasema, "Ungesema siku ile. Leo unanichelewesha."

Baada ya simu ile ya dukani, nilifika Mbuchi siku ya pili ya matanga, baada ya basi, bodaboda na mtumbwi wa kuvukia. Mwanahawa amekuwa mtu mzima wa nywele nyeupe kama mimi. Alinipokea kama anavyopokelewa mgeni, akanipa maji, akanionyesha pa kukaa kwenye mkeka na wanawake wengine. Walikuwa wanamkumbuka marehemu, chakula chake, mdomo wake. Mama mmoja akasema, "Yule alijua samaki, jamani. Ila kule Kibiti sijui alipitiwa na nini, mpaka akawauzia wanafunzi vibua wabovu." Mwingine akaitikia, "Shetani tu. Hakuna asiyekosea." Alisema kwa huruma, na huruma ile iliniumiza kuliko tusi. Miaka yote hiyo, na hata waliompenda walikuwa wamemsamehe kosa ambalo hakulifanya! Nikasimama na viatu vyangu vya mjini mkononi, nikawaambia hakukosea. Nikawaambia habari ya mikia, stoo ya bati, na neno nililolisema ofisini. Sauti ilikuwa inatetemeka kwa hasira na walidhani ni kilio. Mmoja akanipapasa mgongo, akasema, "Pole, mama, pole." Nilitaka kuutupa ule mkono.

Mwanahawa alinishika kiwiko akanitoa nje, nyuma ya jiko. "Umemaliza?" akauliza. Nikamwambia sijui. "Mwalimu, hayo mimi nayajua. Mama aliyajua. Huku unamwambia nani? Huku walimpa shamba, wakampa nyumba, mengine waliyasikia tu. Kibiti ndiko walikomtoa. Kwa nini umepita Kibiti hukusema?" Nikamwambia Kibiti ya leo hakuna anayenijua, mwenyekiti yule amekufa, Mkuu amekufa. Akanitazama kama mama yake alivyonitazama nilipodhani anapunja. "Nilikupigia simu ili uende huko," akasema. "Si ili uje kula wali wetu."

Nilirudi Kibiti kesho yake, nikafika alasiri. Ofisi ya soko sasa ina kompyuta na kijana mpole aliyeniambia, "Bibi, malalamiko yanaandikwa, ila hayo ni ya zamani sana, mhusika mwenyewe yuko wapi?" Nikamwambia amezikwa juzi. Akasema pole. Nikatoka nikaenda kwenye meza za samaki. Zina vigae siku hizi, na majokofu nyuma, lakini saa ile bado ni saa ile, bei zinaitwa kwa sauti na wanawake wenye vikapu wanazunguka wakijifanya hawataki. Nikasimama mbele ya meza ya tatu kutoka barabarani. Nikasema kwa nguvu kwamba meza hii ilikuwa ya Salima wa Kiongoroni, kwamba alitolewa hapa kwa uongo, na mwongo ni mimi. Watu wachache waligeuka. Mmoja akatoa simu akaanza kunirekodi. Muuzaji, mwanamke wa miaka thelathini hivi, alikuwa na wateja wanne wanamsubiri na kisu mkononi. "Mama," akasema, bila ubaya wowote, "unachukua hili fungu au nimpe mwingine?"

"Sichukui," nikamwambia. "Na sijamaliza kusema." Nikaweka mkoba chini, nikaanza tena kutoka mwanzo, kwa ile sauti niliyokuwa nikiitumia darasani ili wa nyuma kabisa nao wasikie.